Mwalimu wa Mdomo Upande

Ikiwa umeamka leo na nusu ya uso wako haikutii, nakuomba usianze kwa kuwauliza watu. Watu watakujibu. Kila mmoja ana dawa yake, na kila dawa ina binamu aliyepona nayo, na jioni utakuwa na majibu tele na uso ule ule. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya kupunguza uvimbe wa mshipa hufaa zaidi vikianzwa mapema, na lazima anayejua akutazame ahakikishe kwamba si kiharusi. La maana nililonalo ni hilo. Yaliyobaki nayaandika kwa sababu wakati wangu nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba na hasira pia ni sehemu ya ugonjwa huu, nikamkosa.

Mimi ni mwalimu wa chuoni, chuo cha Kurani, hapa Msambweni. Nafundisha darasa la wadogo, wale wanaoanza alif. Hawajui kusoma bado, kwa hivyo kitabu chao ni mdomo wangu. Nikisema ba, wanatazama midomo inavyokutana. Nikisema fa, wanatazama meno ya juu yanavyogusa mdomo wa chini. Hawaandiki chochote mpaka midomo yao imejua. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha mimi, na darasa hilo ndilo kitu pekee duniani ambacho naweza kusema ni changu, sikukipata kwa kuolewa wala kwa kurithi.

Ilikuwa Mfunguo Mosi, chuo kimefunguliwa baada ya Ramadhani, nimepokea watoto wapya, na joto la kaskazi bado halijaondoka. Alfajiri nikaenda kutia udhu. Nikatia maji mdomoni nisukutue, yakatoka yenyewe upande wa kushoto yakaniingia kifuani. Nikatia tena, yakatoka tena. Nikadhani ni usingizi. Nilipoosha uso, jicho la kushoto lilibaki wazi, likatazama maji yanavyokuja. Nikarudi chumbani kumwamsha Bakari, mume wangu. Akawasha taa, akanitazama, akasema, "Usinichekee hivyo." Nami sikuwa nikicheka.

Hospitali hatukukaa sana. Daktari aliniambia niinue nyusi, nifumbe macho, nioneshe meno, nipulize mashavu. Upande wa kulia ulifanya kila kitu kwa bidii, upande wa kushoto ulikaa kama mgeni asiyejua lugha. Akasema si kiharusi, ni mshipa wa uso umevimba. Akanipa vidonge, matone ya jicho, na plasta ya kulifunga jicho ninapolala lisikauke. Akasema watu wengi uso huwarudia, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi. Nikamwuliza nifanye nini sasa. Akasema nisubiri. Nikamwuliza nisubiri huku nikifanya nini. Akacheka kidogo, mtu mwema, akaita mgonjwa mwingine.

Neno hilo la kusubiri nalichukia mpaka leo. Kila aliyepita mlangoni kwangu alinipa, na aliyenipa alikuwa na mdomo mzima.

Tunakaa nyumba moja na mavyaa wangu, mamake Bakari. Mavyaa ni mkandaji wa wazazi. Hakuna mwanamke aliyejifungua mtaani kwetu ambaye hakupita mikononi mwake, na anaamini kwamba hakuna jambo la mwili lisilotaka mkono wenye nguvu. Alichemsha mafuta ya nazi, akatia kungumanga, akanikanda shavu kama anayekanda unga wa mahamri. Nililia kwa jicho moja, maana jicho moja ndilo lililojua kulia vizuri, lile la pili lilikuwa likitoa maji siku nzima bila sababu. Alipomaliza alinipa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi. Nikanywa, bismillahi, nusu ikaingia na nusu ikanichuruzikia kwenye leso. Mavyaa akaitazama ile leso, akasema basi hata leso ina baraka. Sikujua kama ananitania au la.

Kisha akalaumu feni. Bakari ni fundi wa friji na AC, anafanya kazi kwenye mahoteli ya Diani, na feni ya chumbani aliifunga kwa mikono yake. Mamake akasema ndiyo iliyonipiga upepo usoni. Bakari akasema feni haipoozeshi mtu. Wakabishana siku mbili hivi, wakiongea kuhusu uso wangu mbele ya uso wangu, na mwisho Bakari akakasirika akapanda kiti akaing'oa feni. Tukawa tunalala tukitoka jasho sote wawili, na uso haukujali.

Nitakwambia na mambo madogo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonimaliza. Wali unaingia kati ya shavu na ufizi unakaa huko, unautoa kwa kidole mbele ya watu. Chai unakunywa kwa mrija kama mtoto. Samaki hana ladha upande mmoja wa ulimi. Sikio la upande ule linasikia kupita kiasi, sufuria ikianguka jikoni unahisi imekuangukia ndani ya kichwa. Na Bakari alianza kukaa upande wangu wa kulia. Kwenye mkeka, kitandani, barazani, kila mahali alizunguka akakaa kulia. Labda hata hakujijua. Mimi nilijua, na sikumwambia, nikawa namjibu kwa ukali kuhusu mambo mengine, chumvi, viatu mlangoni, chochote kilichokuwa karibu.

Mavyaa akanishauri nivae nikabu. Kwa kweli ulikuwa ushauri mzuri. Njiani, sokoni, dukani, nilikuwa salama nyuma ya kitambaa, wala hakuna aliyenitazama mara mbili. Ubaya ni kwamba kazi yangu yote iko mdomoni. Mwalimu wa wadogo hawezi kufundisha ba nyuma ya pazia. Kwa hivyo nilitembea nimejifunika mpaka mlango wa darasa, nikaingia, nikaifunua nikabu, nikakaa mbele ya watoto na uso wangu ulivyo.

Hawakushtuka. Wengi walikuwa wapya, walinijua siku chache tu. Nikasema alif, wakasema alif. Nikasema ba, na hapo nikalazimika kuvuta mdomo upande wa kulia ili midomo ikutane, kwa sababu ule wa kushoto haukuja. Ikawa ba yenye upepo pembeni. Wakarudia. Nikasonga mbele, siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima, nikijisifu moyoni kwamba nimeweza.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nachukua chaki, wao wakasoma peke yao. Nilipoinua kichwa nikaona midomo yote imekwenda upande mmoja, darasa zima, kila mtoto amekaza shavu na kufinya jicho. Damu ilinipanda. Nilijua ninachekwa. Nikapiga ubao kwa kiganja, nikamsimamisha Zuhura aliyekaa mbele, msichana mdogo, mtulivu, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda choo huona haya. Nikamwuliza kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka nani amewafundisha utovu huu wa adabu. Zuhura akaanza kulia. Akasema, "Si wewe, mwalimu? Si ndivyo ba inavyosomwa?"

Hakuna aliyenicheka. Walinitii tu. Nilikuwa nimewaambia watazame mdomo wangu, wakautazama.

Niliwaambia wakae. Nikajaribu kuwaeleza kwamba mwalimu ni mgonjwa, kwamba wasifuate hili, wafuate lile. Lakini mtoto wa miaka mitano humwelezi kwa maneno jambo ambalo umemfundisha kwa mdomo. Kioo chao kilikuwa mimi. Wiki haikuisha, mamake Zuhura akaenda kwa Maalim Juma, mkuu wa chuo, akasema mtoto anasoma nyumbani mdomo upande, na bibi yake anaogopa kwamba kilichonipata mimi kinahama. Mzazi wa pili akaja, na wa tatu.

Maalim alikuja nyumbani, akakaribishwa, akanywa kahawa, akauliza hali za watu wote mpaka kuku. Nilijua analolijia, nikangoja. Mwisho akasema nipumzike, darasa atalishika Saumu, binti wa nduguye, mpaka nitakapopona. Nikamwuliza nisipopona kabla ya Maulidi je. Katika Maulidi ya Mfunguo Sita wadogo husoma mbele ya wazazi, na mwalimu anayewasimamisha siku hiyo ndiye mwalimu wao, hilo kila mtu hapa analijua. Maalim akageuza kikombe mkononi. Akasema, "Basi tutaona, Mwalimu Mwanamisi. Wazazi nao wana haki yao." Akaaga kwa adabu kubwa. Nilikaa pale pale mpaka kahawa iliyobaki ikapoa, nikiwa na hasira na wazazi, na Maalim, na Saumu maskini ambaye hakunikosea lolote.

Masika ikaingia. Vidonge vilikuwa vimekwisha zamani, uso haukuwa umesogea, na mimi nilikuwa nimeshinda nyumbani nikipishana na mavyaa mlango wa jikoni. Siku moja Bakari akaja akasema kuna kliniki Diani ambayo huwa anawatengenezea AC, na kuna daktari wa tiba ya mikono, osteopathi wanaiita, ambaye amewahi kuona nyuso kama yangu. Nikasema sitaki mwanamume anishike kichwa. Akasema ni mwanamke, anaitwa Njeri, anakuja kila Alhamisi. Mavyaa akasema kama ni kushikwa kwa mikono, yeye yuko hapa na hangoji Alhamisi. Kisha akavaa buibui akaja nasi.

Chumba cha kungojea kilikuwa na baridi kali ya AC ya Bakari, na wazungu wazee wenye mabega mabovu. Mavyaa akawasalimu wote, "Salaam aleikum," akangoja. Hakuna aliyeitikia, akasalimu tena kwa sauti zaidi, wakatabasamu. Mama mmoja wa kizungu akanitabasamia mimi, nimeshafunua nikabu. Nikajaribu kumrudishia. Najua kilichotoka usoni kwangu, nimekiona kwenye kioo, kinafanana na dharau. Akageuza macho kwenye jarida lake. Nilitaka kumwambia, mama, hiyo ni salamu, lakini ningemwambia kwa mdomo gani.

Njeri alikuwa kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake cha kukatakata. Alimwamkia mavyaa shikamoo, na hilo lilimsaidia. Mavyaa alikagua pazia, akafunga mlango, ndipo akaniruhusu nivue mtandio. Njeri akanilaza chali, akaingiza mikono yake chini ya kisogo changu, akaishika shingo. Basi. Aliishika tu. Muda ukapita. Nilisikia mvua kwenye bati, nilisikia AC, nilimsikia mavyaa akipumua kwa pua. Moyoni nilikuwa nikiwaka. Nimetoka Msambweni na mvua yote ile kuja kushikwa kichwa.

Mavyaa ndiye aliyeshindwa kwanza. "Mwanangu," akasema, "utaanza kumkanda saa ngapi?"

Njeri hakukasirika. Alisema ndiyo tayari anaendelea, na kwamba kazi yake ni nyepesi, haitakiwi kuuma. Baadaye akavaa glavu akatia kidole ndani ya shavu langu akalinyoosha taratibu kutoka ndani, akanionesha namna ya kufanya mwenyewe mbele ya kioo, kidogo kidogo, bila kukaza. Akamwomba mavyaa aache kunikanda kwa nguvu. Hapo chumba kikawa kidogo. Mavyaa akakaza mtandio wake akatazama dirisha.

Nikamwuliza Njeri kama ataniponya. Akasema, "Siwezi kukudanganya. Neva itajirudia yenyewe, na matone ya hospitali usiache. Mimi nasaidia tu shingo na taya zisikazane ukingoja."

Ukingoja. Na yeye pia. Nilivaa mtandio wangu kwa hasira hata pini ikanidunga kidole. Njia nzima mavyaa ndiye aliyesema.

Lakini nitasema na ukweli huu, maana nimeahidi kusaidia. Siku ile nilikula chakula cha jioni nikalala kama mtoto mpaka alfajiri. Shingo, ambayo sikujua kwamba nimeikaza tangu Mfunguo Mosi, ilikuwa imelegea. Alhamisi iliyofuata nikarudi, na nyingine, na nyingine. Sikuwa naamini. Nilikuwa nakwenda kwa sababu Njeri peke yake aliugusa uso wangu bila kuudai kitu. Mavyaa, kwa upande wake, alinuna, kisha akaanza kuja na swali moja kila safari, kuhusu mgongo wa mzazi, kuhusu nyonga, na Njeri naye akamwuliza yake. Nikawa nalala chali kati yao wakizungumza juu yangu kama watu wa soko moja.

Nyumbani nilifanya mazoezi ya kioo. Ba, mim, fa, wau. Ba, mim, fa, wau. Upande wa kulia ulikuwa umezoea kutawala, ulivuta kila kitu. Ilinibidi nitie kidole shavuni kuuzuia. Siku nyingine niligeuza kioo ukutani nikaenda kupara samaki, nikawapara kwa nguvu kuliko walivyostahili.

Ni udhu uliokuja na habari. Ilikuwa karibu na Idi ya kuchinja. Nikatia maji mdomoni, nikasukutua, nikagundua nimesukutua. Maji yalikaa. Nikayatema, nikatia mengine, yakakaa. Nilirudia mpaka Bakari akabisha mlango akiuliza kama nataka kumaliza tangi. Sikuwa na mdomo wa kumjibu, ulikuwa umejaa maji.

Baada ya hapo ulikuja kidogo kidogo, pembe ya mdomo, kisha shavu, jicho mwisho wa yote. Na wenyewe wa uso wangu wakajitokeza. Mavyaa akasema ni mafuta, yalikuwa yakifanya kazi ndani kwa ndani. Jirani akasema ni kombe. Bakari akasema tangu ang'oe ile feni ndipo mambo yalipobadilika, alisahau kabisa kwamba alikuwa upande wa feni. Njeri nilipomwonesha alisema tu, "Umeona?" akaendelea kushika shingo. Mimi nikiulizwa, nasema sijui. Labda ni vidonge, labda ni siku zenyewe, na daktari wa kwanza alinambia hivyo kabla hawa wote hawajafungua midomo. Naelewa sasa kwa nini sikutaka kumsikia. Nilitaka mtu afanye kitu.

Jambo moja zaidi. Jioni moja tulikuwa barazani, Bakari akaja akakaa kushoto. Uso ulikuwa bado haujakamilika. Akakaa kushoto, akamenya chungwa, akanipa. Nikalila, na siku ile sikuwa mkali kuhusu viatu.

Mfunguo Tano nikavaa mtandio bila nikabu nikaenda kwa Maalim. Nikamsomea herufi zote, akiwa amenikazia macho mdomoni, mimi mwanafunzi kwa umri huu. Akasema vizuri. Lakini akasema wazazi watataka kuwasikia watoto, na yeye pia anataka kuwasikia nami, kabla hajaamua nani atawasimamisha kwenye Maulidi. Tukaingia darasani pamoja. Saumu alikuwa mbele. Alikuwa amewanyoosha, maskini, alikuwa amefanya kazi kubwa. Waliposoma naye nilisikia ba safi, midomo sawa, na wivu ukanichoma kifuani.

Saumu akanipisha. Nikakaa mahali pangu. Zuhura alikuwa bado mbele. Nikasema ba, kwa mdomo wangu wote, ulionyooka, nilioutafuta tangu Mfunguo Mosi.

Darasa zima likavuta mdomo upande, likafinya jicho, likasema ba.

Sikuthubutu kumtazama Maalim. Yeye akasogea, akainama mbele ya Zuhura, akamwuliza kwa nini anasoma vile, hali sasa hivi amesoma vizuri na Saumu. Zuhura akaona haya, akanitazama mimi kwanza, kisha akamjibu kwa heshima zake zote. "Ile ni ya Mwalimu Saumu," akasema. "Hii ni ya Mwalimu Mwanamisi."

Hawakuwa wamesahau. Miezi yote ile walikuwa wameniwekea yangu.

Nililia mbele ya watoto na mbele ya mkuu wa chuo, kwa macho yote mawili. Maalim Juma alisimama pale akishika ndevu zake, na nilingoja aniambie nirudi nyumbani. Akamtazama Saumu, akawatazama wadogo, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa.

"Wewe ndiye uliyewapinda," akasema. "Wanyooshe mwenyewe. Maulidi si mbali."

Akatoka, akamwita Saumu amfuate. Nikafuta uso, nikawaambia watoto wafumbe midomo wanitazame upya, tukaanza na alif. Inatuchukua muda, kwa sababu nikichoka mdomo bado unateleza, na hapo Zuhura hugusa pembe ya mdomo wake kwa kidole kunijulisha.